Kidole kinamwelekea nani? Riwaya za ukoo na mizimu, ipi ubebe kwanza

Kila mwezi wa sita mdogo wangu anashuka kutoka Makete kuja Mbeya kufuata mahitaji ya nyumbani, na akirudi anabeba kitabu kimoja kutoka kwenye rafu yangu. Kimoja tu, kwa sababu begi lake tayari lina soksi za watoto, mafuta ya kula na dawa ya kikohozi. Kule Juni na Julai baridi inawaingiza watu ndani mapema. Saa moja jioni kila mtu ameshajikunyata jikoni na hatoki tena. Mwaka huu alisimama mbele ya rafu akasema, "Dada, nataka ya ukoo. Iwe na mizimu, iwe na maajabu, ila isije ikanifanya niwaogope ndugu zangu."

Nilijua anasema nini. Bibi yetu mzaa mama aliishi Rungwe, nyumba yenye migomba mbele na nyuma. Anayeijua Rungwe anajua mvua yake: kuni hazikauki hata uziweke darini. Bibi alipika kwa kuni mbichi maisha yake yote, na tangu nianze kumjua macho yake yalikuwa mekundu. Nilipokuwa na miaka tisa mtoto wa mjomba alifariki kwa homa. Siku ya tatu ya msiba nikasikia wakubwa wananong'ona, na jina lililokuwa linanong'onwa ni la bibi. Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Ila jioni ile alipika mbalaga, ndizi na maharage, akaweka sahani mezani na kuifunika kwa sahani nyingine. Asubuhi nilipoamka niliifunua. Ilikuwa vilevile, na mafuta yameganda juu.

Kwa hiyo nikichagua riwaya yenye uchawi ndani yake, kabla sijauliza lugha au unene, nauliza: humu ndani kidole kinamwelekea nani? Ziko hadithi zinazochukua hofu ya kijijini jinsi ilivyo na kumtafuta mchawi mpaka apatikane, na mara nyingi huwa ni mama mkwe, shangazi au kikongwe. Hizo simpi mtu. Ziko nyingine zinazokigeuza kidole kirudi kwenye ukoo wenyewe, kwenye jambo lililofichwa. Hizo ndizo ninazoziweka hapa mbilimbili, ili anayechagua aone tofauti.

Nianze na Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba. Zote mbili zina mtu wa kale anayewadai watu wa leo. Zinaachana kwenye mwelekeo wa deni.

Kintu ilitoka mwaka 2014, baada ya mswada wake kushinda shindano la Kwani?, wachapishaji wa Nairobi, mwaka 2013. Kiini cha hadithi kiko mwaka 1750. Kintu Kidda, mtawala wa jimbo la Buddu katika Buganda, yuko njiani kwenda kumwona kabaka (mfalme) mpya. Amefuatana na Kalema, kijana aliyemlea kama mwanawe wa kumzaa, ambaye baba yake halisi ni Ntwire, mgeni kutoka Rwanda. Kijana anakunywa maji kwa kibuyu cha mkubwa wake. Kintu anampiga kofi, kofi la kumkanya tu kama baba yeyote, na kijana anaanguka na kufa. Hayo peke yake yangekuwa msiba. Laana inaletwa na kinachofuata: Kintu anarudi nyumbani na hasemi. Ntwire anamsubiri mwanawe, anauliza, watu wanaangalia pembeni. Ndipo anapoilaani nyumba ile na kizazi chake.

Kisha kitabu kinaruka zaidi ya miaka 250, tunawakuta watu wa uzao huo mwaka 2004 wakiwa hawajuani. Mmoja ni mlokole wa msimamo mkali, mwingine ni msomi aliyerudi kuishi kijijini, mwingine anaandamwa na pacha wake aliyekufa, mwingine anaogopa kujua majibu ya kipimo cha Ukimwi. Kila mmoja ana jina lake la kuyaita matatizo yake. Kanisa lina lake, hospitali ina lake, waganga wana lao, na Makumbi hamdharau yeyote kati yao. Ukitaka kuamini kwamba ni laana, kitabu kinakuruhusu. Ukitaka kuamini kwamba ni maradhi ya akili yanayorithiwa, kitabu kinakuruhusu pia. Nimekisoma mara tatu na bado sijaona mahali mwandishi anapochagua kwa niaba yangu.

Msomaji wa kwetu atakutana humo na mambo anayoyajua. Mapacha, kwa mfano. Katika Kintu mapacha wana majina yao maalumu, na mila zao zinawabana hadi wazazi. Rungwe ya zamani nayo ilikuwa na miiko na dawa kwa nyumba iliyopata mapacha. Kingine ni namna ukoo unavyokusanyika. Sehemu ya mwisho, pale ndugu wasiojuana wanapoitwa kurudi kwenye ardhi ya mababu, inakumbusha vikao vyetu vya kuondoa tanga: nani ale nini, nani alale wapi, nani aongee kwanza, na yule ndugu wa mjini anayefika amechelewa na kutaka yaishe haraka.

Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001, ni nyembamba kuliko hiyo na inakukaba haraka zaidi. Mhusika mkuu anaitwa K. Jina lake lote limebaki herufi moja, na nadhani hakuna njia fupi zaidi ya kumwonyesha mtu aliyepoteza asili yake. K ni kigogo. Ana nyumba, gari na cheo katika nchi iliyopata uhuru na kisha ikaliwa na watu wake wenyewe. Babu yake aliyekwisha kufa anamtokea na kumtoa kwenye starehe zake, anamzungusha kumwonyesha nchi ilivyo. Hapa mzimu hamwandami maskini. Unaweka kituo kwa mwenye nacho na kumuuliza alifanyia nini alichoachiwa.

Nikisoma kitabu hicho nakumbuka Kalenga, karibu na Iringa mjini. Kwenye jumba la makumbusho pale limo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mwaka 1898 alijiua asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kikapelekwa Ulaya. Fuvu lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na bado likachukua miaka mingine 35 kurudi: lilirudishwa Uhehe mwaka 1954. Nilipolisimamia mara ya kwanza nilikuwa na wanafunzi wa shule, na mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, anatuona?" Sikumjibu. Swali lile ndilo Babu Alipofufuka inaloliuliza kurasa zote. Sisi tumezoea kuuliza kama mzimu upo. Said Ahmed Mohamed anauliza kama tuko tayari kutazamwa nao.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili: kama kinachokusumbua ni jambo ambalo wazee wenu hawalisemi, chukua Kintu. Kama unahisi kizazi chetu ndicho chenye deni, chukua Babu. Kintu iko kwa Kiingereza, ina zaidi ya kurasa 400 na majina mengi, kwa hiyo weka karatasi pembeni uchore mti wa ukoo unapoendelea. Kuna maneno ya Kiganda ambayo hayafafanuliwi, lakini Mnyakyusa, Mbena au Mhehe hapotei sana humo. Lugha hizi ni ndugu. Babu iko kwa Kiswahili cha visiwani, kitamu, chenye msamiati ambao sisi wa bara itabidi tuutafutie kamusi mara mojamoja.

Kabla sijaendelea niitaje moja ya zamani, kwa sababu wasomaji wa Njombe na Iringa huniuliza kwa nini siiweki. Mirathi ya Hatari ya Claude Mung'ong'o ilitoka 1977, hivyo haiingii kwenye riwaya za leo. Humo kijana aliyesoma anakabidhiwa na baba yake urithi ambao hakuuomba, na urithi wenyewe ni uchawi. Sijaona riwaya nyingine ya Kiswahili iliyolisema jambo hilo wazi namna hiyo: mzazi anakupa alichonacho, na hukuulizwa kama unakitaka. Ukiikuta kwenye maktaba ya shule, isome kabla ya zote hizi.

Jozi ya pili ni kwa anayetaka utambulisho zaidi na mizimu kidogo. Peponi ni tafsiri ya Kiswahili ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Kitabu chenyewe ni cha 1994, na Kiswahili chake, kilichotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, kilitoka 2022. Siku Njema ya Ken Walibora wa Kenya ni ya 1996. Katika zote mbili mvulana anatoka nyumbani mdogo na kusafiri mbali.

Wanasafiri kwa sababu zilizo kinyume. Kongowea wa Siku Njema amezaliwa Tanga na mama mwimbaji wa taarabu. Mama anafariki, mtoto anabaki kwa ndugu na kuonja mateso ya uyatima, halafu anaondoka kwenda Kenya kumtafuta baba ambaye hamjui. Yusuf wa Peponi ana baba na mama wote wawili, na ni baba huyo huyo anayemwachia mtoto wa miaka 12 aondoke na tajiri Aziz, kwa sababu anadaiwa. Yusuf anamwita tajiri kwa jina la udugu. Anapofika dukani anamkuta Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani kabla yake, na Khalil anamwambia tena na tena: huyu si ndugu yako.

Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini nikatoka nje. Sisi tunaoita kila mtu mjomba, shangazi, mama mdogo, tunajua uzuri wa desturi hiyo. Gurnah anaonyesha upande wake wa pili: neno la udugu linavyoweza kufunika deni mpaka mtoto asijue kwamba ameuzwa. Nawafikiria wasichana wanaochukuliwa vijijini kwetu na "shangazi" kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Sijaona kitabu kinachowasemea vizuri zaidi, ingawa kinasimulia pwani na bara ya zaidi ya miaka 100 iliyopita, Wajerumani wakiwa wanaingia.

Maajabu ya Peponi ni ya chinichini. Kuna bustani iliyozungushiwa ukuta. Kuna bibi wa nyumba mwenye alama usoni anayeamini kwamba mkono wa Yusuf utamponya. Kuna wasafiri wanaosimuliana juu ya viumbe wa kutisha wa nchi za mbali. Na anayeijua Sura ya Yusuf, au kisa hicho kwenye Kitabu cha Mwanzo, atakiona kisa kikitembea chini ya hadithi kama maji chini ya mawe. Siku Njema haina uchawi. Ina Kiswahili cha raha, na ina matumaini kuanzia kwenye jina lake. Kwa kijana wa kidato cha pili au cha tatu anayelelewa na bibi na kujiuliza baba yake ni nani, naweka Siku Njema mkononi mwake bila kusita. Peponi naichelewesha kidogo, mpaka awe mtu wa kuvumilia kitabu kisichomfariji.

Jozi ya tatu nitaipita kwa haraka, kwa sababu si kila mtu anaihitaji. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ni vitabu vyembamba sana, na vimewashinda wasomaji wengi kuliko vitabu vinene. Mji usio na watu, wazee wanaosoma, wanafalsafa waliokufa zamani wanaosikika wakisema yao, mwanadamu anayetafuta kitu asichoweza kukitaja. Katika Mzingile msimulizi anatumwa kumpelekea mzee mmoja habari za kifo cha mwanawe, na ukishaelewa mzee yule anaweza kuwa nani, mgongo unasisimka. Ukoo hapa ni ukoo wa wanadamu wote. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) inafanana nayo kwa safari na kwa ndoto, lakini inashikika zaidi: msimulizi anamtafuta mtu aitwaye P.P. na sauti ya Hanna inamwongoza, na unapita naye kwenye mabara ukiona dunia inayoitwa kijiji kimoja na jinsi wengine walivyoachwa nje ya kijiji hicho. Anza na Bina-Adamu!. Ukiipenda, nenda Nagona, uisome kwa sauti, kurasa chache kila usiku. Ukilazimisha kuielewa kwa mkupuo mmoja utaichukia bure.

Inabaki moja ambayo naipenda kwa sababu ya ujirani. The Old Drift ya Namwali Serpell, ya 2019, ni riwaya ya Zambia. Sisi wa Mbeya na Songwe tunaiona Zambia kila siku. Malori yanapanga foleni Tunduma, treni ya TAZARA inapita hapa kuelekea Kapiri Mposhi, watu wameoa na kuolewa huku na kule. Lakini hadithi za nyumba zao hatuzijui. Serpell anachukua koo tatu zenye asili tofauti, za Kiafrika, za Kizungu na za Kihindi, anazifuata kuanzia mabibi, kisha mama, kisha watoto, mpaka damu zinachanganyika. Bibi mmoja ana nywele zilizomfunika mwili mzima na hazikomi kukua. Mwingine ni mcheza tenisi aliyepofuka. Wa tatu, Matha, analia, machozi yake hayakauki kwa miaka na miaka. Na katikati ya sura wanaingia mbu, wanasimulia wao, kwa sauti moja kama kwaya.

Ukiilinganisha na Kintu, zote ni za vizazi na zote ni nene. Hii ina zaidi ya kurasa 500. Ila Makumbi anaupita ukoloni karibu bila kuutaja, kana kwamba anasema tulikuwa na mambo yetu kabla hamjafika na tunayo bado. Serpell anauingiza wote ndani, Wazungu wa kwanza kwenye kivuko cha Zambezi, bwawa la Kariba, uhuru, mpaka miaka ya mbele ambayo haikuwa imefika alipoandika. Kwa anayetoka kwenye nyumba yenye mchanganyiko, na Mbeya nyumba hizo ni nyingi, The Old Drift itamkaa vizuri zaidi. Kwa anayetoka kwenye ukoo mmoja mkubwa wenye kaburi moja la babu ambalo wote wanaliheshimu na hakuna anayetaka kueleza aliyelala humo alikufaje, ni Kintu.

Kidole? Katika The Old Drift hakimwelekei mtu mmoja. Kinazunguka. Makosa madogo ya watu waliokutana kwa bahati yanazaa mengine, na mbu wanasema hivyo waziwazi. Baadhi ya wasomaji niliowaazima walichoka kabla ya kufika kwa watoto, na siwalaumu. Ukichoka, usiache kabla hujamaliza sura ya Matha.

Nilimweleza mdogo wangu haya yote tukiwa tunamenya viazi. Nilitaka achukue Peponi, kwa sababu iko kwa Kiswahili na kule kwake umeme ukikatika hakuna wa kumuuliza maneno magumu ya Kiingereza. Alizishika Peponi na Kintu, akazipima uzito mkononi, akarudisha Peponi kwenye rafu. Akatumbukiza Kintu katikati ya soksi pamoja na kamusi yangu ndogo.

Juzi usiku alinipigia simu. Mtandao ulikuwa unakatikakatika na nilisikia upepo. Alikuwa amefika pale Ntwire anapouliza habari za mwanawe na hakuna anayemjibu.

"Dada," akasema, "zile ndizi za bibi. Asubuhi ile nani alizimwaga?"

Nikamwambia ni mama, kabla bibi hajaamka.